Mgeni Aliyekuja Kumhemba Shangazi

Mimi ni fundi wa friji. Naanza hapo makusudi, ili ujue unazungumza na mtu wa aina gani. Friji ikigoma kupoza, mimi sisemi imerogwa, natafuta gesi inavujia wapi. Mke wangu hulalamika kwamba hata msibani macho yangu yako kwenye nyaya za taa za turubai. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba haya yalitokea, nyumbani kwangu hapa Gisenyi, Rwanda, nami nikiwa macho na tumbo halina hata chai, naomba unisikilize mpaka mwisho. Ukimaliza, cheka. Mama Keza, ambaye ndiye mke wangu, alicheka dakika nzima, na yeye ni shahidi wangu.

Tena usisubiri nikwambie ilikuwa usiku. Najua visa vya namna hii hupenda giza na mbwa wanaobweka. Hiki kilitokea saa nane mchana, jua liko juu, redio ya jirani inatangaza mpira.

Nafuga chatu. Wanne, ndani ya chumba kilichokuwa cha binti yetu Keza kabla hajaolewa, na vibali vyao vyote viko kwenye faili ukitaka kuviona. Si wale wakubwa wa kumeza mbuzi. Hawa ni chatu wadogo, asili yao Afrika Magharibi, mkubwa wao hanifikii kifuani, na wakiogopa hujikunja duara, kichwa wakakificha katikati, ukaweza kumbeba chatu mzima mikononi kama donge la ugali. Kazi hii niliifunza Tanzania, nilikozaliwa na kukulia. Kabla hatujarudi nyumbani nilitunza mashine za joto na baridi kwenye bustani moja ya nyoka, na mzee mkali aliyekuwa msimamizi pale akanifundisha kuzalisha chatu, alipoona siwakimbii. Siku hizi Jumamosi wanafunzi huja na walimu wao kuwatazama, nami nawaonyesha kwamba si kila nyoka ni wa kupigwa jembe. Watoto wakianguliwa, huenda kwa wafugaji wengine wenye vibali.

Jike langu la kwanza niliachiwa na mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anahama. Siku anafika, Mama Keza alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa na Kiswahili chake ni cha hapa hapa.

"Huyu ni dada yako," akasema. "Amekuja bila kusema atarudia siku gani, anataka chumba ya joto, chakula yake ya peke yake, na bado ananiangalia mubaya."

Dada yangu ni shangazi wa Keza, basi akaitwa Shangazi, na jina likakaa. Mke wangu aliapa hataingia chumba kile. Mwaka haukuisha nikamkuta amehamishia pasi yake humo, anapiga pasi huku anamweleza Shangazi bei ya vitenge Goma, maana biashara yake ni hiyo, kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni na mzigo. Shangazi alikuwa ametoa kichwa kwenye sanduku lake anamsikiliza. Najua nyoka hana masikio ya nje. Nakwambia alikuwa anamsikiliza.

Nami nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Alikuwa mpole, mzee, na kila nilipomshika alinizunguka mkono akatulia pale panapopiga mshipa. Kwa mujibu wa karatasi zake alikuwa amepita miaka ishirini. Sikutegemea atazaa tena. Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, nikafungua sanduku asubuhi nikamkuta ameyazunguka mayai sita.

Sasa hapa lazima nikueleze tunavyofanya sisi wafugaji, kwa sababu ndipo kosa lilipo. Chatu jike akitaga hulizunguka fungu la mayai mwili mzima, akakaa hivyo karibu miezi miwili, hali chochote. Na kabla ya kutaga alikuwa tayari hali. Akitoka hapo ni ngozi na mbavu. Kwa hiyo mfugaji humwondolea mayai siku ile ile. Unayaweka alama ya penseli juu, yasije yakageuka yakafa, unayalaza kwenye chombo chenye changarawe mbichi, mimi hutumia ile nyeusi ya volkano tunayoikanyaga hapa kila siku, halafu unayaingiza kwenye kabati la joto. Langu ni friji mbovu niliyoitoa mashine nikafunga balbu na kifaa cha kuiwasha na kuizima. Nyuzi joto thelathini na moja na nusu, haipandi wala haishuki. Baada ya hapo unamwosha mama. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, unambadilishia na matandiko. Harufu ya mayai ikimtoka, hukumbuka njaa yake na kula. Msimamizi wangu alinifundisha hivyo, na sijawahi kuona inashindwa.

Kwa Shangazi ilishindwa. Wiki ya kwanza nilimpa panya, hakumtazama. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikamwosha tena, nikidhani labda sikumsugua vizuri. Alichofanya, na hiki ndicho kilichonitoa usingizi, ni kujizungusha kwenye kona moja ya sanduku na kuacha nafasi katikati. Nafasi ya mayai sita. Ukimnyoosha alinyooka, ukigeuka alirudi kwenye duara lake lenye tundu. Uti wa mgongo ulianza kujichora, ngozi ikalegea shingoni. Alikuwa anakufa, na aliyemfikisha hapo ni mimi na sabuni yangu.

"Mupe mayai yake," Mama Keza aliniambia kila jioni.

Kila jioni nilimjibu kitaalamu. Nikiyarudisha, hatakula mwezi mwingine mzima, na mwezi mwingine hana mwili wa kuumaliza. Njia pekee ya kumwokoa ni ale, na hatakula akiwa na mayai. Mke wangu alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Bon. Na sasa anakula?"

Ndipo siku ile ikafika. Mama Keza alikuwa Goma. Mimi nilikuwa uani nimepiga magoti mbele ya friji ya mteja, nikasikia hodi. Nikaitikia bila kugeuka. Nilipogeuka, kikongwe mmoja alikuwa ameshaingia getini.

Alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga kitenge kilichopauka hadi hujui kilikuwa rangi gani. Ngozi yake nayo ilikuwa imepauka, kama mtu aliyetembea barabara ya vumbi siku nzima. Kwapani alikumbatia chombo cha mti cha maziwa, na mfuniko wake wa kusukwa. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu wa bluu. Nikainuka haraka kumshika mkono nikidhani haoni.

"Acha," akasema. "Macho inanisumbua wiki hii. Itaisha yenyewe. Inaishaka."

"Karibu, Mama. Umetoka wapi na jua hili?"

"Nyamyumba, kando ya maji ya moto inayotoka chini. Nimekuja kuhemba muzazi."

Kwetu mwanamke akijifungua, watu huenda kumhemba. Wanampelekea maziwa, uji, kinywaji, wanakaa naye, wanauliza amelalaje, wanampakata mtoto. Asiyehembwa ni mtu asiye na watu. Nikadhani kikongwe amekosea, maana nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto mchanga.

"Umepotea nyumba, Mama," nikamwambia. "Hapa hakuna mzazi. Mke wangu amevuka hamsini."

"Sikupotea. Iko muzazi ndani. Mwezi sasa, na hakuna mutu amekuja kumuona."

Nikapiga hesabu. Shangazi alikuwa ametaga siku thelathini na moja zilizopita. Nje ya mimi na mke wangu hakuna aliyejua, kwa sababu mwenye nyumba hapendi kusikia idadi ya nyoka inaongezeka. Nilitaka kuuliza nani kamwambia, lakini kikongwe alikuwa ameshanipita. Aliingia sebuleni, akapita jikoni, akapita chumba chetu, akasukuma mlango wa chumba cha Keza. Hakuuliza ni upi.

Nilimfuata nikijiandaa kumwokota akizimia. Wewe umeshaona wageni wangapi wakiingizwa chumba cha chatu bila kuonywa? Mimi nimeona, huwa wanatoka kinyumenyume. Huyu aliketi mkekani, akanyoosha miguu wanavyokaa wazee, akafungua sanduku la Shangazi. Lile sanduku lina kitasa kinachonisumbua hata mimi niliyekitengeneza. Kilifunguka kwa kidole kimoja.

Shangazi, ambaye mgeni akikohoa tu hujikunja, alinyanyua kichwa. Kilikuwa kimelala chini siku tisa.

Kikongwe aliangalia lile duara. Aliweka kidole kwenye nafasi ya katikati, akakizungusha taratibu, kama anapima.

"Watoto iko wapi?"

"Kwenye friji," nikasema.

Jibu hilo nimelitoa kwa wageni mara nyingi. Huwa wanacheka, nami nacheka, halafu naeleza. Siku ile nililisikia jinsi yeye alivyolisikia, na uso ukanichoma.

"Kwenye friji," akarudia.

Nikaeleza. Balbu, changarawe, nyuzi joto thelathini na moja na nusu. Alinisikiliza kwa adabu, unavyomsikiliza mlevi ambaye ni mtoto wa jirani.

"Na huyu, ulimuosha?"

Niamini, hapo ndipo nywele zilinisimama. Kuoshwa kwa mama ni jambo la sisi wafugaji. Hata walimu wanaokuja Jumamosi sijawahi kuwaambia.

"Nilimwosha, Mama."

"Na sabuni?"

"Kidogo."

"Ili atoke harufu ya watoto, ndio ale."

"Ndiyo."

"Amekula?"

Nikatikisa kichwa. Kikongwe alikuwa anampapasa Shangazi kichwani, na Shangazi alikuwa amerudisha ulimi wake ndani, ametulia.

"Lete watoto," akasema.

Nilikataa, kwa heshima, lakini nilikataa. Nilimweleza yote niliyokuwa nikimweleza mke wangu. Kwamba ataendelea kufunga. Kwamba kwa mwili ule hatamaliza mwezi. Kwamba hata mayai yenyewe yanaweza kuharibika, kwani mama aliyeoshwa mara mbili pengine hatayatambua tena, na nitapoteza vyote. Nilimwambia, Mama, huyu ninaye mmoja tu.

Hakubishana na hata neno moja.

"Huyu si wa huku," akasema. "Wenzake iko mbali sana. Hapa hana mama, hana dada. Mi nimekuja sababu hana mutu wa kumuhemba."

Ngoja nikwambie kwa nini maneno hayo yalinimaliza. Mama yangu alinizaa Karagwe, ukimbizini, mama yake mzazi akiwa hajulikani aliko. Alikaa na mimi siku mbili kwenye kibanda, hana wa kumshikia hata kikombe. Siku ya tatu mwanamke Mhaya, jirani asiyejua neno la Kinyarwanda kama mama alivyokuwa hajui la Kihaya, aliingia na sufuria ya uji kichwani. Akakaa, akanipakata, akaondoka. Mama alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipoamini hatakufa. Miaka hamsini amemtaja mwanamke yule kila alipoona uji.

Nikaenda kwenye friji.

Mayai ya chatu hushikana, hivyo yale sita yalikuwa fungu moja. Niliyabeba na chombo chake hatua kwa hatua, alama za penseli zikiwa juu, huku mdomoni naomba kama mtu anayevuka kijito na mtoto mgongoni. Kikongwe alikinga mikono. Nilipomwekea fungu, vidole vyangu viligusa kiganja chake. Kilikuwa cha moto. Sisemi vuguvugu, nasema cha moto, kama kikombe cha chai unachokishika kwa leso. Nami ni mtu wa kupima joto kwa mkono tangu ujana.

Akayaingiza kwenye lile tundu, penseli juu, bila hata kuinamisha macho yake yenye ukungu.

Kwanza Shangazi hakufanya chochote. Ulimi ulitoka, ukarudi. Ukatoka tena, ukagusa yai la kwanza, la pili, yote. Kisha mwili wake ukaanza kujikaza, taratibu, pingili moja baada ya nyingine, mpaka lile tundu nililolitazama mwezi mzima likaisha. Akaweka kidevu juu kabisa ya fungu. Nililia. Fundi wa friji, mtu mzima, nilisimama na chombo cha changarawe mkononi nikalia.

"Hongera," kikongwe akamwambia Shangazi. Akafungua chombo chake, akamimina maziwa kwenye kisahani cha maji.

Sasa, nyoka hanywi maziwa. Nalisema kila Jumamosi. Ni uongo wa watu, tumbo lake halikuumbwa kwa maziwa, akiwa na kiu anatafuta maji. Nalisema na nitaendelea kulisema. Shangazi alishusha kichwa kwenye kisahani, akanywa. Niliona maziwa yanapungua, niliona koo lake linatembea, niliona alama nyeupe iliyobaki kwenye ukingo. Fanya unavyotaka na habari hiyo.

Mgeni hakai mdomo mkavu nyumbani kwangu, hivyo nikasema naenda kumletea soda. Alijibu kitu kuhusu siku ya jina, sikukisikia vizuri. Niliporudi na chupa na bilauri, mkeka ulikuwa mtupu. Nikatoka mbio mpaka getini. Ng'ambo ya njia anakaa Bi Zubeda, fundi cherehani, barazani kwake tangu asubuhi mpaka magharibi, na hakuna kuku anayepita mtaani kwetu asiyemwona. Nikamuuliza kikongwe kaelekea wapi.

"Kikongwe yupi, jirani?" akasema. "Mimi nimeona geti likifunguka na kufungwa. Nikasema upepo."

Mama Keza alirudi jioni. Nikamweleza, akacheka, kama nilivyokwambia. Akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa vitenge. Kisha akafuta machozi.

"Chombo ya maziwa?" akauliza. "Kitenge imepauka?"

"Ndiyo."

"Nimekutana naye hapo chini, njia ya ziwa. Nikamupa mukono. Baba Keza, mukono yake iko moto. Akaniambia siku ya jina atarudia."

Tukatazamana. Ndipo akili yangu ya nyoka, iliyokuwa imelala mchana kutwa, ikaamka. Ngozi iliyopauka. Macho yenye ukungu wa bluu, yanayosumbua wiki moja na kupona yenyewe. Ukimwuliza mfugaji yeyote wa chatu atakwambia ni nini hicho. Ni chatu anayekaribia kujivua gamba.

Hofu ilinishika pale, saa nne nzima baada ya mgeni kuondoka.

Shangazi alilalia mayai siku ishirini na saba. Hakula, kama nilivyotabiri. Lakini kila Ijumaa nilimpima kwa mizani ya viazi ya mke wangu, na hakupungua. Hilo sikulitabiri na siwezi kulieleza. Watoto walianguliwa wote sita. Niliwahamishia kwenye visanduku vyao, na jioni ile ile nikamwekea Shangazi panya. Alimkamata kabla sijatoa mkono. Mama Keza alipiga vigelegele mpaka Bi Zubeda akauliza binti yetu kajifungua nini.

Laiti kisa kingeishia hapo.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane. Watu hukusanyika, wakala, na kila aliyekuja hupendekeza jina lake. Mama Keza hakuniuliza. Alipika mbaazi na viazi vya Mudende, akatafuta maziwa, akaweka viti vitatu. Mgeni aliahidi atakuja, akasema, basi atakuja, na akija atakuta chakula.

Mimi asubuhi ile, mke wangu akiwa jikoni, nilienda getini nikafunga kufuli. Ufunguo nikautia mfukoni. Nikarudi nikamwambia kila kitu kiko tayari.

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe mara nyingi. Kwamba nilimhofia mke wangu. Kwamba nilihofia chatu wangu, maana chatu wakubwa humeza chatu wadogo. Ni uongo. Niliogopa tu. Alikuja kwangu kama kikongwe nikamfungulia mpaka chumba cha ndani, na nilipomjua ni nani nikamfungia nje.

Tulikaa. Saa sita, saa nane, saa kumi. Mama Keza alikuwa anafunika chakula na kufunua. Shangazi alitoka mafichoni, akajinyoosha kwenye kioo cha sanduku upande wa geti, akakaa hivyo mchana kutwa. Jua likianza kushuka, mke wangu akasema anachungulia barabarani. Nikasikia geti likitikiswa. Halafu hatua zake zikarudi polepole.

"Baba Keza," akasema. "Geti iko na kufuli."

Nikampa ufunguo. Sikuweza kumtazama.

Nje, kwenye ukuta wetu wa mawe meusi ya volkano, kulikuwa na gamba. Lilianzia getini likaenda na ukuta mpaka kwenye kona, hatua saba zangu, zima, halijachanika popote. Hapa mjini sijawahi kusikia chatu wa ukubwa ule. Bado lilikuwa na unyevu. Nikalifuata mpaka kichwani, nikaona viwambo viwili vya macho, maana nyoka hujivua hata ngozi ya macho. Vilikuwa safi, unaona jiwe upande wa pili. Chini ya geti, kimesimamishwa vizuri pasipoweza kupigwa teke, kulikuwa na chombo cha mti na mfuniko wake. Kimejaa maziwa.

Mama Keza hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mutu amekuja kuona watoto," akasema, "we umefunga."

Alikibeba kile chombo ndani, akammiminia Shangazi kwenye kisahani kile kile. Shangazi aliyanusa akageuka. Hakunywa. Nyoka hanywi maziwa.

Yapata miaka miwili sasa. Shangazi mzima, mnene, anamsikiliza mke wangu bei za Goma. Mimi sichukui tena mayai ya mama yeyote. Friji ile niliirudishia mashine, inapoza soda. Gamba limekunjwa kwenye sanduku la Mama Keza, chini ya kitenge chake cha harusi ya Keza, na mara mbili tumekwenda Nyamyumba, tukakaa kando ya maji ya moto tangu asubuhi, tukiuliza. Watu wa pale ni wakarimu, walituuliza kikongwe huyo anaitwa nani. Tulipokea maziwa ya mtu na hatukumuuliza jina.

Kwa hiyo nakuonya, na usidhani nakuonya juu ya chatu. Mtu akibisha hodi akasema amekuja kumwona mzazi, usimwambie amepotea nyumba. Angalia kwanza ndani mwako nani amezaa bila kutembelewa, hata kama ni paka, hata kama ni mpangaji wa chumba cha nyuma usiyepatana naye. Na ukishamkaribisha, mgeni akakufaa, usije ukaanza kumwogopa kesho yake kwa sababu umejua anatoka wapi. Geti langu siku hizi halina kufuli. Wezi wanajua, wanajua pia kilichomo.

Watoto watano tuliwapa majina jioni ile, wameshakwenda kwa wenyewe. Wa sita mke wangu alikataa asipewe, akasema huyo ni wa mgeni, jina lake atalitoa yeye. Ukipita njia ya Nyamyumba ukamwona kikongwe mrefu, mikono yake ya moto, tafadhali mwambie mtoto yupo, anakua vizuri, na tunamwita Bado.